Shangazi Aliyetungia Pande Zote Mbili

Niseme kabisa la aibu ili tusisumbuane baadaye. Nilivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, soksi ndefu mpaka magotini, filimbi shingoni, nikaimba mbele ya kata nzima wimbo uliomwangusha mwenyekiti aliyeninunulia hizo soksi. Katika wote waliokuwa uwanjani siku ile, pamoja na watoto na mbuzi, mimi niliyekuwa naimba ndiye niliyekuwa wa mwisho kuuelewa. Na kila mwisho wa ubeti nilimpigia saluti.

Basi, nimetua mzigo. Sasa twende taratibu.

Mimi ni mtu wa huku chini ziwani, upande wa Kihagara. Shule na mimi tuliachana nikiwa darasa la sita, na sikumbuki nani alianza kumchoka mwenzake. Nilichoweza ni kuchekesha watu na kutembea kama askari, na kwa kazi ya kapteni wa mganda huhitaji cheti kingine. Kwa asiyeujua, mganda ni ngoma ya wanaume. Tunapanga mistari kama gwaride, nguo nyeupe, kapteni mbele, ngoma kubwa nyuma, na kila mchezaji ana lipenga lake mdomoni. Lipenga ni kibuyu kirefu. Unakitoboa tundu ubavuni, unaliziba kwa utando mweupe wa buibui, halafu ukiguna ndani yake inatoka sauti kama ya nyuki mwenye kesi. Malipenga ya kundi zima yakiguna pamoja unayasikia kifuani kabla ya masikioni. Maneno anaimba kapteni. Wengine hawawezi, midomo ina kazi.

Akina mama nao wana kioda chao. Wanavaa magauni meupe, wanazunguka kwa hatua ndogo, sauti nyembamba, wametulia. Mgeni akipita barabarani anadhani ni ibada. Akisogea akasikia maneno ndipo anajua kuna mtu anachunwa ngozi akiwa hai. Ndiyo desturi yetu, la ngomani linajibiwa ngomani. Ukiimbwa kwamba unampiga mkeo, au kwamba mkono wako umezoea nyavu za wenzako, huendi kushtaki barazani. Ukienda watakucheka, na watoto wako watachekwa. Unatafuta watu wako, unatafuta wimbo, unajibu.

Nyimbo zote za kioda cha kijiji chetu zilitoka kwa shangazi yangu, dada yake baba. Alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, kwenye kile kisomo kilichokuwa kinafanyika kanisani jioni. Wenzake waliishia kuandika majina yao na kusoma bei ya sabuni, wakaridhika. Yeye akaendelea. Aliandika kwa penseli kwenye karatasi za mifuko ya saruji, zile za kaki, anazikata kwa kisu cha samaki na kuzilaza chini ya mkeka zinyooke. Na alikuwa na namna yake. Anatwanga muhogo, anaimba mstari, anatwanga, ananyamaza, anaegemeza mchi ukutani, anaingia ndani kufuta neno. Nilimuuliza kwa nini asikae tu kitako akaandika kama mwalimu.

"Kwa sababu anayoandika mwalimu hayachezwi," akasema. "Mstari usipokaa kwenye mchi, miguu itaukataa."

Kulikuwa na aibu nyingine ndogo, niiweke hapa hapa. Nyimbo za mganda pia zilitoka kwake. Nilikuwa nampelekea usipa, hawa dagaa wetu wa ziwani, naye ananipa wimbo. Kundi langu lilidhani natunga mimi. Hawakuuliza, nami sijawahi kujibu swali ambalo halijaulizwa, hata shuleni. Aliyejua ni rafiki yangu mmoja tu, mpiga ngoma kubwa, fundi baiskeli kwa kazi, mtu wa maneno machache na hayo machache yote yanauma.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba imeingia, na mimi nilikuwa na koti zito la mtu wa Ulaya ambalo nililivaa juani kwa kiburi, natoka jasho kama chungu cha maharage. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, popo wamehamia. Huko juu milimani wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapita na pikapu, wanalipa hapo hapo, na watu wa Ruanda, hii ya huko huko milimani kwetu, walikuwa wanashuka ziwani kununua samaki huku redio inaimba begani. Redio hizo hizo zikawa zinasema vyama vinakuja vingi. Jioni tulikaa mchangani kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, tunabishana kuhusu nchi ambayo wengi wetu tulikuwa hatujaiona zaidi ya Songea. Nikikumbuka zile jioni, harufu ya usipa ukianikwa na yale mabishano ya kijinga, natamani nirudi nikabishane tena, na nishindwe tena.

Kila kitu wakati ule kilikuwa kinauzwa au kinasubiri zamu. Kijijini kwetu chenye kuuzika kilikuwa kimoja tu, mashine ya kusaga.

Mashine ile waliijenga akina mama. Injini walisaidiwa na masista, lakini nyumba yake, msingi wake na jiwe lake la mwisho vilikuwa jasho lao. Mawe waliyabeba kutoka mtoni. Mchanga walisomba kwa ndoo. Kabla yake walikuwa wanatwanga muhogo kuanzia jogoo la kwanza. Mama yangu alikuwa hawezi kuinua mkono kuchana nywele zake mwenyewe. Siku injini ilipowaka, shangazi alisimama mlangoni mweupe kwa unga kama mzimu, anacheka peke yake. Tangu hapo mchi wake ulibaki kwa ajili ya nyimbo tu. Majirani walimwona anatwanga muhogo kidogo kwenye kinu wakati mashine iko pale pale, wakasema ameanza kuchanganyikiwa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mzee wa sauti ya upole na tumbo la kutosha. Akatangaza kwamba mashine ni mali ya kijiji, kwamba serikali inataka vitu vibinafsishwe, na kwamba kwa bahati nzuri mwekezaji ameshapatikana. Tulipomwona mwekezaji tukamtambua. Alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake, mnunuzi wa kahawa kutoka Mbinga mjini. Mkutano wa kijiji ungeamua siku ya sikukuu ya kanisa, kwa kuwa siku hiyo mgeni kutoka wilayani angekuwepo na ngoma zingekuwepo. Akina mama walijua maana yake. Ama wangesaga kwa bei ya mkwe, ama wangerudi kwenye mchi.

Wakaimba. Ilikuwa harusini, mwenyekiti amekaa mbele na paja la kuku mkononi. Kioda kikaingia taratibu na wimbo mpya wa shangazi: mashine ina mama zake, wako hai, hawajafa, mbona mnagawa mirathi? Wakaurudia wakizunguka, wanatazama chini kwa adabu kama wanaokwenda kupokea komunyo. Mwenyekiti aliliangalia lile paja, akalirudisha kwenye sahani.

Kushtaki hakuweza. Siku iliyofuata akanikuta napara samaki.

"Kapteni, ule wimbo wa jana uliusikia?"

"Upi, mzee?"

"Usinitanie. Nataka jibu. Siku ya sikukuu mganda utangulie, mgeni asikie mimi nimefanya nini kwenye kijiji hiki. Kioda kikija nyuma, watu wawe wameshasikia la kwetu."

"Sawa, mzee."

"Na mtavaa soksi. Kundi zima. Nyeupe."

Hapo ndipo aliponipata. Kundi la kijiji cha Mbaha, wapinzani wetu, lilikuwa na soksi. Sisi tulikuwa tunacheza na miguu kama tulivyozaliwa, na tulipokutana nao walikuwa wanaitazama miguu yetu kwa huruma. Nilikubali kabla hajamaliza kusema nyeupe.

Nikakaa kutunga mwenyewe, maana hata mimi niliona haya kwenda kwa shangazi na jambo kama lile. Nilikaa karibu na karakana ya rafiki yangu, yeye anaziba tairi, mimi naumwa kichwa.

"Soma," akasema.

"Mwenyekiti, mwenyekiti, mwenyekiti wetu. Mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wetu."

"Endelea."

"Nimeishia hapo."

Akapuliza tairi, akalitumbukiza kwenye maji, akatazama mapovu. "Nenda kwa shangazi yako," akasema. "Mwenyekiti atafia ndani ya huo wimbo wako."

Nikaenda, na samaki mbasa mnene, si usipa. Nilimkuta uani anamenya muhogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbasa huyo ana kesi gani?"

Nikamweleza yote. Kwamba nataka wimbo wa kujibu wimbo wake. Kwamba anayeutaka ni mwenyekiti. Nilitegemea anipige na ule muhogo. Akaendelea kumenya.

"Anataka wimbo wa nini hasa?"

"Anataka asifiwe kwa mashine."

"Kwa lipi alilofanya?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Halafu akamtazama yule mbasa, akasema, "Nitamwandikia. Kwanza kaniletee maji."

Niliporudi na ndoo alikuwa kwenye kinu, anatwanga. Nilikaa nikasubiri. Nimewaona watu wengi wakiandika tangu siku ile, makarani, mapadri, vijana wa vyama na kalamu zao mfukoni, lakini sijaona mtu akiandika kwa bega zima vile. Mchi unashuka, mdomo unatembea. Mara moja alirudia mstari mmoja mpaka muhogo ukawa unga. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi ya kaki.

"Nani kabeba mawe kutoka mtoni?" nikasoma. "Nani kasomba mchanga ndoo kichwani? Nani kalinda injini usiku wa mvua? Nani, ikiugua, dawa yake kaijua?"

"Umeupenda?"

"Shangazi, huu mtamu. Lakini mwenyekiti mwenyewe yuko wapi?"

"Jina la mkubwa halitajwi ovyo ovyo. Wewe uliza. Halafu uache nafasi, vijana wako wagune na malipenga, mara mbili. Watu wenyewe watajua ni nani."

Nikaona ni heshima kubwa sana. Nilirudi kichwa kimenivimba. Jioni tulipofanya mazoezi, rafiki yangu alisimamisha ngoma.

"Unauliza, halafu tunaguna?"

"Ndiyo."

"Na hatusemi jibu."

"Jibu kila mtu analijua."

"Ndilo linaloniogopesha," akasema, akaendelea kupiga.

Mwenyekiti naye alikuja kusikiliza mazoezi. Malipenga yalipoguna baada ya *nani kabeba mawe*, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Nadhani masikioni mwake yalikuwa yanasema jina lake.

Sikukuu ikafika. Uwanja wa kanisa, ziwa nyuma yetu linameremeta, viti vimeletwa kutoka shuleni. Mgeni wa wilaya katikati, mwenyekiti kulia kwake, mkwe na suti nyuma yao. Akina mama wa kioda walikuwa wamekaa chini pembeni na magauni yao meupe, wanasubiri zamu yao, midomo haina kazi. Hilo ndilo ambalo kapteni mwenye akili angeliona. Mimi nilikuwa naangalia soksi.

Tukaingia. Nikapuliza filimbi, mistari ikanyooka, nikaimba kwa sauti niliyopewa na Mungu kwa makosa. "Nani kabeba mawe kutoka mtoni?"

Malipenga yakaguna. Nikapiga saluti kwa mwenyekiti. Akainamisha kichwa.

Nikarudia. Malipenga yakaguna, na katikati ya mguno sauti moja ya mwanamke ikasema, "Sisi."

Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anamfunga mjukuu mgongoni kwa kanga, ameulizwa swali analolijua, akajibu, kama mtu anavyoitikia akiitwa. Mimi nilikuwa natazama soksi, baadaye ndipo nikaambiwa alikuwa nani. Alikuwa mke wa mwenyekiti. Naye alibeba mawe.

"Nani kasomba mchanga ndoo kichwani?"

"Sisi," wakasema pale pembeni, safari hii wengi. Mimi nikadhani wimbo umewaingia. Nikapandisha sauti. Nikapiga saluti nyingine, ya kisigino. Nilipofika usiku wa mvua, uwanja mzima ulikuwa unajibu, wauza maandazi, wanakwaya, watoto, mpaka wanaume waliokuwa wamekaa ukutani. Vijana wangu hawawezi kusema kitu, malipenga mdomoni, wanaguna tu, na ule mguno ukawa kama unawasindikiza akina mama. Nikaona ngoma imekubali. Nikaurudisha wimbo mwanzo, kwa hiari yangu, hakuna aliyeniomba. Beti zote tena. Saluti zote tena.

Ndipo nikamwona mgeni wa wilaya ameinama kwa mwenyekiti. Niliwasikia, nilikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote.

"Kumbe hii mashine walijenga akina mama?"

"Hiyo ngoma tu, mheshimiwa."

"Lakini ni ngoma yako, si umesema wewe ndiye uliyeiandaa?"

Mwenyekiti akanitazama. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye paji la uso. Sikujua niushushe vipi.

Mkutano ulipoanza, mgeni aliuliza nani anakubali mashine iuzwe. Uliinuka mkono mmoja tu, wa mkwe, na karani akamkumbusha kwa adabu kwamba yeye ni mkazi wa Mbinga mjini. Mke wa mwenyekiti alikuwa amekaa na wenzake, mikono yote miwili mapajani. Mashine ikabaki. Uchaguzi uliofuata mzee wa watu hata fomu hakuchukua, akasema anataka kupumzika na mihogo yake. Alinikuta njiani siku moja akanishika bega.

"Kijana, ulinimaliza kwa akili sana."

"Mzee, naapa sikuwa na akili yoyote."

Akacheka kwa uchungu. Alidhani najishusha.

Nikaenda kwa shangazi nikiwa nimefura. Alikuwa anakula, akanisogezea bakuli.

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungecheka katikati ya wimbo. Wewe mdomo wako hauna mlango."

"Na wenzako uliwaambia?"

"Kwa nini niwaambie? Niliuliza walichofanya. Kula, mchuzi unapoa."

Vyama vilipoanza kushuka ziwani na bendera zao, vijana wakawa wananitafuta mimi. Habari ilikuwa imepanda mpaka Mbinga kwamba kuna kapteni wa mganda aliyemng'oa mwenyekiti kwa wimbo wa maswali. Walitaka nyimbo. Niliwaambia ukweli, kila mmoja wao. Nikasema mtunzi ni shangazi, nyumba ile pale, anayeanika muhogo. Walikuwa wanamtazama, wanageuka kwangu, wanacheka. "Acha utani wako, kapteni." Nimechekesha watu maisha yangu yote, na siku niliyosema kitu cha kweli wakacheka zaidi. Ikabidi nichukue maagizo yao, nimpelekee, naye anawaandikia, chama hiki na chama kile, kwa sukari na fulana. Usiku mmoja wa kampeni vipaza sauti viwili vilikuwa vinatukanana ng'ambo za mto, na matusi yote yametwangwa kwenye kinu kimoja.

Siku hizi redioni wanapoeleza mageuzi yalivyofika vijijini wanataja wanaume na vipaza sauti vyao. Nyimbo wanasema zilikuwa za wananchi. Aliwahi kupita mtu na kinasa sauti, akarekodi ule wimbo wa mawe, na ulipopigwa redioni wakasema ni wimbo wa asili wa mwambao wa ziwa. Shangazi alikuwa amekaa karibu na redio, mikono imelowa. Akasema polepole, "Ningependa siku moja waseme umetungwa na fulani. Hata wakikosea jina." Halafu akainuka kupindua muhogo.

Amekufa akiwa mzee, mashine bado inasaga, injini ya pili sasa. Makaburini katekista alisoma wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto, mpishi hodari wa sherehe za kanisa, mwanachama wa mashine. Akakunja karatasi. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, jambo ambalo shuleni sikulifanya sana, nikasema marehemu alikuwa mtunzi, kwamba nyimbo za kioda na za mganda na za vyama ziliandikwa na yeye. Watu wakatabasamu. Mmoja akasema kwa upole, "Kapteni, hata leo?"

Sina lipenga, sina soksi, magoti yenyewe yananiuliza maswali. Nikaimba. "Nani kabeba mawe kutoka mtoni?"

Wale bibi waliobaki wakajibu, "Sisi."

Nikaimba beti zote, wakajibu zote. Ilipofika mwisho nikaongeza mstari mmoja wa kwangu, wa kwanza na wa mwisho niliowahi kutunga na kuumaliza. Nikauliza, "Na nani aliyetutungia nyimbo zetu zote hizi?"

Halafu bibi mmoja, mjane wa mwenyekiti, akalitaja jina la shangazi. Wengine wakalirudia, na katekista akafungua tena karatasi yake, akaomba kalamu.

Tulirudi kwa miguu mimi na rafiki yangu, yule mpiga ngoma, anasukuma baiskeli. Tulipofika kwenye mashine akaisimamisha.

"Ule mstari wa mwisho," akasema, "ulitunga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Nilijua. Ulikuwa mrefu, haukai kwenye mchi. Angekuwa hai angekurudisha nyumbani ukaupunguze."